Pasadena, mji wa binti aliyeamka saa 8 usiku

Ukishuka kwenye treni ya umeme katika kituo cha Memorial Park, mjini Pasadena, jimbo la California nchini Marekani, kitu cha kwanza kukupokea ni milima. Milima ya San Gabriel imesimama upande wa kaskazini karibu kabisa na mji, kama ukuta wa uani. Chini yake kuna mitaa iliyonyooka, miti mirefu ya minazi isiyozaa nazi, na majengo ya kupendeza ya miaka ya 1920. Kutoka katikati ya Los Angeles ni mwendo wa kilomita 16 hivi. Wamarekani wanaufahamu mji huu kwa gwaride la maua ya waridi linalofanyika kila Mwaka Mpya, desturi iliyoanza mwaka 1890.

Mimi sikwenda kutazama waridi. Nilikuwa California kwa wiki 3, mwezi Septemba 2025, kumsalimu wifi yangu ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Siku zake za zamu nilibaki peke yangu, naye akaniambia, "Wifi, wewe unayependa vitabu, usirudi nyumbani bila kufika Pasadena. Kuna mwanamke alizaliwa pale, mama yake alifanya kazi kama hizi zetu za majumbani. Nenda ukaone."

Mwanamke huyo ni Octavia Butler, mwandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi, yaani zile hadithi za safari za angani, za nyakati zijazo, na za viumbe wasio wa dunia hii. Alizaliwa Pasadena tarehe 22 Juni 1947 na akafariki tarehe 24 Februari 2006, akiwa na umri wa miaka 58. Aliacha riwaya 12. Wapendwa, najua wengi wetu tukisikia "hadithi za angani" tunafunga ukurasa na kwenda kwenye mapishi. Naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nataka kuwaeleza jinsi vitabu hivyo vilivyopatikana: kwa saa zipi, kwa kazi zipi, na kwa mama gani.

Mlango wa nyuma

Baba yake Octavia alikuwa mng'arisha viatu, akafariki binti akiwa bado mdogo. Mama yake, ambaye jina lake pia lilikuwa Octavia, alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba za Wazungu. Yeye mwenyewe alitolewa shule mapema akiwa mtoto ili aanze kazi. Pasadena ya wakati ule ilikuwa na mitaa mizuri ambayo Weusi hawakuruhusiwa kununua nyumba. Waliingia humo asubuhi kufua, kupika na kulea watoto wa wengine, na jioni wakatoka.

Wakati mwingine mama alimchukua binti yake kazini. Waliingia kwa mlango wa nyuma. Mtoto alisikia jinsi mama yake alivyosemwa kana kwamba hayupo chumbani, na jinsi mama alivyonyamaza na kuendelea na kazi. Octavia alieleza baadaye kwamba utotoni hakuupenda ukimya ule. Alipokuwa mtu mzima ndipo alipoelewa kwamba ukimya huo ndio uliomlisha na kumlipia kodi ya nyumba. Kutokana na jambo hilo aliandika riwaya yake inayosomwa sana, *Kindred*, iliyotoka mwaka 1979. Inamhusu mwanamke wa kisasa anayevutwa na nguvu asiyoielewa kurudi nyakati za utumwa, akaona kwa macho yake mambo ambayo wazee wake walivumilia ili yeye azaliwe.

Mama yule ambaye hakusoma sana alikuwa na desturi moja. Vitabu na magazeti ambayo matajiri wake walivitupa, aliviokota na kuvipeleka nyumbani kwa mwanawe. Vingine vilikuwa vimechanika, vingine vimechorwachorwa. Mtoto alivisoma vyote, japokuwa kusoma kwenyewe kulimpa taabu. Alikuwa na tatizo linaloitwa disleksia, ambapo ubongo hupata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Kama muuguzi naomba niseme hapa kwamba mtoto wa namna hii si mvivu wala si mjinga. Anahitaji muda zaidi na mtu wa kumsomea kwa sauti bila kumfokea.

Alipofika miaka 10 aliomba mashine ya taipu. Hebu fikirini, akina mama: mjane, mfanyakazi wa ndani, na mtoto anaomba taipu. Mama alinunua. Akiwa na miaka 12 Octavia alitazama kwenye televisheni filamu moja ya Kiingereza ya mwaka 1954, kuhusu mwanamke aliyetoka sayari ya Mars. Filamu ilikuwa mbovu kiasi kwamba alijiambia yeye mwenyewe anaweza kutunga iliyo bora kuliko ile, akaanza. Alipokuwa na miaka 13, mwanamama mmoja wa ukoo wao alimwambia jikoni, kwa upole kabisa, kwamba watu Weusi hawawi waandishi. Mwanamama yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamwonya kama sisi tunavyowaonya wa kwetu.

Mama yake hakuelewa sana mambo ya uandishi, lakini aliendelea kutoa. Kuna wakati alilipa fedha iliyozidi kodi ya mwezi mzima kwa mtu aliyejiita wakala wa vitabu, ili asome hadithi za binti yake. Fedha ile ilipotea bure. Hata hivyo taipu ilibaki mezani.

Saa 8 ya usiku

Octavia alimaliza masomo katika chuo cha Pasadena City College mwaka 1968. Mwaka 1970 alihudhuria mafunzo ya waandishi yaitwayo Clarion, akauza hadithi 2 za kwanza, akadhani mambo yameiva. Hayakuiva. Kwa takribani miaka 5 iliyofuata hakuuza hata neno moja.

Katika miaka hiyo alifanya kazi zilizopatikana: kuosha vyombo, kufagia, kazi za bohari, kuuza bidhaa kwa simu, hata kukagua krispi za viazi kiwandani ili zilizoungua ziondolewe. Alizichagua kazi zisizohitaji mawazo mengi, maana mawazo yake aliyataka kwa kazi nyingine. Kisha akaamka saa 8 ya usiku, akaandika mpaka muda wa kujiandaa kwenda kazini.

Sisi tunaofanya zamu za usiku wodini tunaifahamu saa 8. Ndiyo saa ambayo kope huwa nzito kama zimemwagiwa zege, chai haisaidii tena, na mwili mzima unadai kitanda. Ndiyo maana saa hizo tunahesabu dawa mara mbili na kusoma jina la mgonjwa kwa sauti. Mtu anayeamka saa hiyo bila kuamshwa na mgonjwa, bila bosi, bila mshahara, akakaa mbele ya karatasi tupu, na akafanya hivyo tena kesho yake, mtu huyo nampigia saluti.

Sisemi mkaige usingizi mfupi. Usingizi ni dawa, na mama anayenyonyesha au mwenye shinikizo la damu asijaribu kabisa. Ninachosema ni kwamba alitafuta saa ambayo hakuna mtu mwingine aliyeidai, akaifanya yake. Yeye mwenyewe aliwafundisha vijana wanaotaka kuandika kwamba wasisubiri msukumo uwajie, wategemee mazoea, kwa sababu mazoea humfuata mtu hata siku asiyojisikia.

Mwaka 1976 riwaya yake ya kwanza, *Patternmaster*, ilichapishwa.

Mabasi na maktaba

Octavia hakuendesha gari, jambo la ajabu katika sehemu ile ambako hata kununua mkate watu huwasha gari. Alitembea kwa miguu na kupanda mabasi, miaka yote aliyoishi huko. Nami nilipanda mabasi kwa makusudi. Ndani yake nilikuta wafanyakazi wa ndani, wauguzi wasaidizi wenye sare kama zetu, wazee na mifuko yao ya dawa, wanafunzi waliosinzia. Wifi yangu aliniambia kwamba saa 11 alfajiri basi hujaa wanawake.

Kwenye basi la namna hiyo alipata moja ya hadithi zake fupi. Alikuwa akienda kila wiki kumtembelea rafiki yake aliyekuwa anakufa kwa saratani. Siku moja, akiwa na moyo mzito, aliona abiria wawili wakipigana hadi damu. Akajiuliza kama binadamu watajifunza lini kusema na wenzao pasipo ngumi. Hadithi aliyoiandika kutokana na swali hilo, *Speech Sounds*, ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1984.

Mabasi yalimpeleka pia maktaba. Maktaba Kuu ya Pasadena, jengo zuri la mwaka 1927, ilifungwa mwaka 2021 baada ya wahandisi kuona kwamba haiwezi kuhimili tetemeko kubwa la ardhi. Kwa hiyo niliitazama kwa nje tu. Ile ya Los Angeles niliingia. Humo kuna chumba cha mitambo ya ufundi kilichofunguliwa mwaka 2019 kwa jina lake, kwa sababu ndimo alimosoma bila kulipa senti. Alipotaka kuandika *Kindred* alipanda basi mpaka Maryland, upande wa pili wa Marekani, safari ya kilomita zaidi ya 4,000, ili aone mashamba ya watumwa na kusoma kumbukumbu zao.

Makaratasi yake sasa yanatunzwa katika maktaba ya Huntington, mji jirani wa San Marino. Ni sanduku mia kadhaa. Watafiti tu ndio wanaoruhusiwa kuyashika, lakini kurasa nyingi zimepigwa picha na kuchapishwa, na picha hizo nilizisoma nikiwa kwenye benchi katika bustani ya hapo. Niliguswa kuliko nilivyotarajia. Utadhani ni droo ya jikoni ya yeyote kati yetu. Kuna orodha za sokoni, hesabu za senti zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi, na mawazo ya riwaya yaliyoandikwa pembeni ya vipande vya karatasi.

Kuna pia maneno ya kujitia moyo. Mwaka 1988 aliandika ndani ya jalada la daftari kwamba vitabu vyake vitasomwa na mamilioni, kwamba atanunua nyumba nzuri, atawasaidia vijana maskini Weusi wasome, na kwamba mama yake atapata matibabu yaliyo bora kabisa. Hilo la mwisho nilirudia kulisoma. Binti aliyelelewa kwa mshahara wa kufua alikuwa anaandika riwaya huku akiwaza hospitali ya mama.

Kukimaliza kitabu

Tusidhani kwamba kwa mtu wa namna hii vitabu vilitiririka. Riwaya iliyotoka mwaka 1993, *Parable of the Sower*, aliandika kurasa zake za mwanzo tena na tena, kila mara akaziona hazifai. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya taasisi ya MacArthur, dola 295,000, mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kuipata. Sasa alikuwa na fedha na jina, lakini kitabu kilichofuata hakikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1996, akiwa katikati ya kazi hiyo, mama yake alifariki. Kitabu, *Parable of the Talents*, kilitoka mwaka 1998, nacho kwa sehemu kubwa ni habari ya mama na binti waliotenganishwa.

Wasomaji wa Biblia mmeshatambua majina hayo. Ni mfano wa mpanzi katika Mathayo 13 na mfano wa talanta katika Mathayo 25. Octavia alilelewa katika kanisa la Kibaptisti, na mhusika wake mkuu ni binti wa mchungaji. Hata hivyo ukubwani hakubaki na imani hiyo, na binti katika riwaya anaiacha dini ya baba yake na kuanzisha mafundisho yake mwenyewe. Mimi sikubaliani naye hapo, na kuna kurasa za ukatili ambazo singempa mtoto mdogo. Nimevisoma vyote viwili nikiwa na kalamu mkononi, nikibishana naye pembeni ya ukurasa. Lakini swali lake ni la kweli: mji ukiungua, majirani watafanyiana nini?

Altadena baada ya moto

Swali hilo halikuwa la kubuni nilipofika Altadena, mji mdogo unaopakana na Pasadena chini ya mlima. Ndiko Octavia alikozikwa, katika makaburi ya Mountain View. Ni mji ambao familia nyingi za Weusi ziliweza kununua nyumba wakati sehemu nyingine ziliwafungia milango. Tarehe 7 Januari 2025 moto uliozuka katika bonde la Eaton ulisukumwa na upepo mkali usiku, ukateketeza majengo zaidi ya 9,000 na kuua watu. Nilipita mtaa baada ya mtaa nikaona viwanja vitupu, vimefagiliwa vifusi, vimebaki ngazi za mlango na mti mmoja mweusi. Kwenye uzio mwingi kulikuwa na vibao vya kusema kwamba Altadena haiuzwi.

Riwaya ile ya 1993 inaanza Julai 2024, katika mji wa kubuni karibu na Los Angeles, wakati wa ukame. Katika shajara ya binti yule, Februari 2025 kuna moto. Watu wengi walimwita Octavia nabii. Yeye alipokuwa hai alikataa sifa hiyo. Alisema aliangalia tu mambo yaliyokuwa yanapuuzwa, akauliza yatafika wapi yakiachwa.

Lile jibu la majirani nililipata kwenye duka dogo la vitabu liitwalo Octavia's Bookshelf, lililofunguliwa Pasadena mwaka 2023 na mwanamke Mweusi. Baada ya moto, duka hilo liligeuzwa kituo cha misaada. Mahali pa vitabu pakawekwa maji ya kunywa, nepi, sabuni, nguo, na chakula, na waliounguliwa wakachukua walichohitaji bila kuulizwa maswali. Mimi ni mtu wa kujitolea kanisani, nimegawa blanketi baada ya mafuriko. Nilielewa mara moja.

Jina kwenye Mars

Pembeni ya Pasadena ipo maabara ya JPL, inayotengeneza vyombo vya anga vya shirika la NASA. Chombo chao, Perseverance, kilitua kwenye sayari ya Mars tarehe 18 Februari 2021. Mwezi uliofuata wanasayansi wakapaita mahali pale kwa jina la Octavia Butler. Mtoto aliyeicheka filamu mbovu ya mwanamke wa Mars, leo jina lake lipo Mars.

Siku hizi mtu hahitaji kusubiri kampuni ya vitabu. Mwingine wa California, Andy Weir, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alianza mwaka 2009 kutoa riwaya yake ya mtu aliyeachwa Mars, sura moja moja, bure kwenye tovuti yake, huku akiendelea na ajira. Mwaka 2011 aliiuza mwenyewe kwa njia ya kielektroniki kwa senti 99 za dola. Baadaye kampuni kubwa ikaichukua, na mwaka 2015 ikawa filamu. Njia ya kuchapisha imekuwa nyepesi. Ile ya kukimaliza kitabu ni ileile ya Octavia, ukurasa baada ya ukurasa, baada ya kazi au kabla ya kazi.

Naye hakuyaona matunda yote. *Parable of the Sower* iliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times mwezi Septemba 2020, miaka 14 baada ya kifo chake. Miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na shinikizo la damu, na dawa zilimchosha hata akashindwa kuandika kwa muda mrefu. Dada zangu, pimeni presha. Dawa ikikuchosha usiiache kimya kimya, rudi kliniki ueleze ubadilishiwe.

Tuliyoyajadili nyumbani

Binti yetu wa pili yuko kidato cha 3. Huandika hadithi nyuma ya daftari la fizikia. Baba yake hapendi, anasema fizikia ndiyo itakayomlisha. Sitamlaumu, kwani Octavia mwenyewe alikula kwa kuosha vyombo, si kwa hadithi, kwa miaka mingi.

Niliporudi tulikaa mezani watatu, nikawasimulia habari ya mama aliyeokota vitabu kwenye taka za matajiri. Baba yake aliuliza mambo mawili: mama yule alipata mshahara gani, na binti alimlipa nini. Nikamwambia juu ya lile jalada la daftari la 1988. Alinyamaza, kisha akasema daftari la fizikia libaki la fizikia. Siku ya pili alileta daftari kubwa la kurasa 200, akaliweka mezani bila kusema neno.

Tumekubaliana Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha, saa moja na nusu ni yake na hakuna wa kumtuma dukani. Alama za fizikia zikishuka tutakaa tena. Mpaka naandika haya yuko sura ya 4, na hajaniruhusu kusoma.